Mlango Uliorukwa

Tulimwacha Mama Cherehani amesimama katikati ya ua, mfuko wa vitambaa begani, mdomo wazi. Milango yote ya nyumba ile ilikuwa imepakwa alama ya X. Nyekundu. Mbichi. Imechuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Milango yote, isipokuwa mmoja.

Wa kwake.

"Haya, Mama Cherehani," alisema Mwenyekiti, sauti imelainika kama ya mtu anayekaribisha mgeni mezani. "Tuko kimya. Tueleze."

"Niwaeleze nini? Si nimeingia hapa sasa hivi, mimi na wewe, bega kwa bega?"

"Tueleze kwa nini balaa limepiga hodi kwetu sote, kwako likapita linachungulia tu."

"Likauliza hali," Kinyozi akadakia. "Likaaga."

Watu wakacheka kile kicheko cha puani, kisicho na rafiki.

Wewe uliyejiunga nasi leo, sogea, nisikuchoshe. Ile ni nyumba ya wapangaji: ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na vyumba pande zote vinatazamana kama watu wenye kesi. Kila chumba ni familia nzima. Mwenye nyumba alikufa, warithi wanataka kuuza, na mnunuzi ni kampuni inayosema itavunja kila kitu na kuinua ghorofa lenye nyumba tele. Kubalini, hameni, tukimaliza kila mtu atarudi apewe ya kwake. Hiyo ndiyo ahadi.

Mama Cherehani ndiye aliyetumwa na wenzake kwenda kuzungumza na kampuni. Akarudi na neno moja: tukubali. Mwenyekiti, ambaye uenyekiti wake wote ni ufunguo wa lile bomba, akasema hakubali hata alishwe kwa kijiko. Asubuhi ya leo ua mzima ulitoka, mkubwa kwa mdogo, kwenda uwanja wa shule kuisikiliza kampuni kwa masikio yao wenyewe. Waliporudi wakakuta rangi.

Umefika. Twende.

"Mimi nilisema!" Mama Redio akapaza sauti. Huyu jirani habari haimpiti, na ikiingia kwake haitoki kama ilivyoingia. "Mtu anakwenda kampuni guu mosi guu pili, anarudi anatabasamu. Nikajisemea moyoni, haya meno yana mlishaji."

"Meno yangu nayalisha mwenyewe, shoga. Yako ndiyo yanalishwa na habari za watu."

"Mwoneni anavyojibu! Mwenye hatia hana haya."

Mwenyekiti akainua mkono. "Sikieni. Zile ghorofa za ng'ambo ya barabara zilijengwa kwa ahadi hii hii. Waliohamishwa pale walikuwa wengi kuliko sisi. Nani kati yenu ana ndugu, ana jamaa, ana hata adui yake, anayeishi mle leo?"

Watu wakatazama ng'ambo ya barabara.

"Mle yanaishi magari," alisema Kinyozi. "Yamelazwa kule chini, kila moja na nafasi yake. Hata kupangana foleni ya choo hayapangani."

"Basi mnataka nini?" Mama Cherehani akafoka. "Tubaki hivi hivi? Watoto wanazaliwa kila siku, chumba hakizai! Nimemtafutia mwanangu chumba mji huu mpaka visigino vimepasuka. Hakuna! Mtu akifa hapa mjini, wanauliza kama chumba chake kina mtu kabla hawajauliza alikuwa anaumwa nini. Bila kujenga, watu hawa watakaa wapi? Juu ya kamba ya nguo?"

Hapo alisema kweli, na wote walijua ni kweli. Mwanawe, yule wanayemwita Bwana Harusi, alioa zamani, lakini jina limegoma kumtoka kwa sababu hajapata bado kwake pa kumpeleka mke. Wanakaa wote chumba kimoja. Mama upande huu wa pazia, mtu na mkewe upande ule.

"Maneno matamu," Mwenyekiti akasema. "Lakini mlango wako hauna alama, Mama. Na sisi hatuwezi kulala ua mmoja na mtu aliyetuuza. Jieleze. Ukishindwa, vyombo vyako tunavitoa nje leo hii, jua likiwa bado juu. Kwa mikono yetu hii hii."

Watu wakaitikia. Hata wale aliowashonea sare za watoto waliitikia.

Moyo ukampasuka Mama Cherehani. Kutolewa mle ni kutolewa mjini. Mashine yake ataiweka chini ya mti gani? Mkwe ataulaza wapi ubavu? Na jina lake, alilolishona pindo kwa pindo tangu mumewe alipomkimbia, litafumuliwa leo mbele ya bomba, kila mtu anashika uzi wake anavuta!

"Ngojeni," alisema. "Kabla hamjagusa kijiko changu, nani alibaki hapa asubuhi?"

"Mkweo!" Mama Redio alijibu, haraka mno. "Kichwa kilimuuma. Siku ya mkutano! Hicho kichwa nacho kinajua kuchagua siku."

Mkwe akaitwa. Akatoka chumbani akijifunga kitambaa cha kichwa, macho hayatulii mahali pamoja. Ni msichana mpole, wa maneno machache, na ua mzima unaamini kwamba wapole ndio wa kuogopwa.

"Uliona nani hapa, mwanangu?" Mama Cherehani alimuuliza.

"Sikuona mtu, mama. Nilikuwa nimelala."

"Hukusikia kitu?"

"Nilisikia viatu. Nikadhani mtu amesahau kitu, karudi."

"Vilifika kwetu?"

"Vilifika." Mkwe akautazama mlango. "Vikasimama. Vikasimama sana. Kisha vikaondoka."

Mwenyekiti akapiga makofi mara moja, paa! "Mmesikia wenyewe! Vilisimama, vikakumbuka huu ni mlango wa nani, vikaondoka. Leteni vyombo nje."

Vijana wawili wakasogea. Mama Cherehani hakuwaona. Macho yake yalikuwa mlangoni. Juu kidogo ya komeo palikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia taulo la bluu.

Akaanza kucheka.

"Amepagawa," mtu akanong'ona.

"Nyie watu!" alisema, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Nyie watu, mmekuwa vipofu? Taulo!"

Hapa, msomaji wangu, lazima nikuibie siri ya ua ule. Panapokaa mama na mwana na mke wa mwana chumba kimoja, mtu na mkewe wanaonana saa ngapi? Wanavizia mchana, wenzao wakitoka. Na ili asije mtu kugonga akiomba chumvi, ua ulijitungia sheria yake: ukikuta taulo mlangoni, pita. Usigonge, usiite, usikohoe. Watoto wa mle huijua sheria hiyo kabla hawajajua kusalimia. Taulo likipanda, Mama Cherehani hubeba mashine yake akaenda kushonea getini, na wapita njia husema huyu mama leo ana bidii kweli.

Lakini mgeni hajui. Kwa mgeni, taulo ni taulo, limeanikwa likauke.

"Mpakaji wa kampuni angejuaje?" Mama Cherehani alisema, sasa hacheki tena. "Angelisukuma pembeni, akapaka, akaenda zake. Huyu alilikuta, akasimama, akaona aibu, akarudi nyuma. Huyu ana adabu za humu ndani." Akageuka polepole, akawapitia uso kwa uso. "Hii rangi haikuletwa na kampuni. Ni mmoja wetu."

Wale vijana wawili wakasimama walipokuwa.

Ungewaona! Watu waliokuwa wamekaza duara kama ngozi ya ngoma wakaanza kuachiana nafasi. Kila mtu akamwangalia jirani yake kama anayemwona mara ya kwanza. Aliyekuwa ameegemea bega la mwenzake akajitenga.

"Kinyozi alitoka katikati ya mkutano," alisema mmoja.

"Nilitoka kupokea simu! Na Mwenyekiti je? Alitoka akarudi anajifuta."

"Nilikwenda haja, bwana! Sasa na haja niombe ruhusa?"

"Haja ndefu ile."

"Mikono!" Mama Cherehani akaamuru. "Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Nyosheni mikono, nione kucha."

Ajabu ni kwamba wote walitii. Mikono ikanyoshwa uani kama watoto wa shule wanaokaguliwa. Ya Kinyozi ilikuwa na weusi, lakini huo ni weusi wa kupaka wazee nywele. Ya Mwenyekiti ilikuwa safi.

"Safi kama ya mtu asiyefanya kazi," sauti ikasema kutoka nyuma, na hakuna aliyejua ni ya nani.

Mama Redio peke yake ndiye alikuwa amekunja mikono kwapani.

"Lete, shoga."

"Sileti. Mimi si mtoto."

Kinyozi akamvuta mkono mmoja. Kucha, zote, nyekundu!

"Hii ni ya kucha!" Mama Redio alipiga yowe. "Nimepaka jana! Mwanamke asijipambe jamani?"

"Rangi ni rangi," Kinyozi akasema. "Halafu ulifika mkutanoni umechelewa, unahema."

"Nilichelewa kwa sababu nilikuwa najipamba!"

Duara likaanza kumkazia yeye. Mama Redio akaona kinachokuja, na mwanamke yule, ukimbana ukutani, hatafuti mlango, anatoboa ukuta.

"Aa! Mnanitazama mimi?" alisema, mkono kiunoni. "Mnaacha kuuliza la kuulizwa, mnaniuliza kucha? Haya, nawauliza mimi. Taulo lile alitundika nani? Mama Cherehani alikuwa nasi uwanjani. Bwana Harusi yuko kazini tangu alfajiri. Humu ndani kabaki mke peke yake. Na taulo likapanda." Akalamba midomo. "Lilipanda kwa ajili ya nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia mkwe.

Mama Cherehani akalitazama taulo. Jina lake mwenyewe ndiyo kwanza limeokoka, na kamba aliyoliokolea ndiyo hiyo sasa inamzunguka mkwe wake shingoni. Na kamba kaitoa yeye!

"Nilikuwa peke yangu," mkwe alisema.

Kicheko kikalipuka.

"Peke yake na taulo!"

"Siku hizi kichwa kikiuma kinatundikiwa taulo!"

"Funga domo lako, Kinyozi!" Mama Cherehani alisema. Lakini macho yake alipoyarudisha kwa mkwe wake, yalikuwa yameingiwa na kitu ambacho asubuhi hakikuwamo. Naye mkwe alikiona.

Wakati huo huo geti likalia. Bwana Harusi alikuwa ameingia, mfuko wa kazi mkononi. Anafanya kazi ya kupakia mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kila siku hurudi ana vumbi la saruji kwenye nyusi, anaonekana mzee wa busara. Leo alisimama getini, akaona duara, akaona mkewe katikati yake, na hakuuliza kuna nini.

Mama Redio hakungoja aulizwe. Alimwaga yote kwa pumzi moja: rangi, mlango, taulo.

Bwana Harusi alisikiliza ametazama chini. Uso haukushtuka. Ulikuwa umeshashtuka mahali pengine, kabla ya kufika pale.

"Na mimi nilitaka kuuliza hilo hilo," alisema. Akainua macho kwa mkewe. "Nani alikuwa ndani?"

"Hata wewe?" mkwe alisema.

"Nimekuuliza."

"Hapakuwa na mtu. Nilitaka kukaa peke yangu." Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili waisikie. "Tangu nizaliwe sijawahi kukaa chumbani peke yangu. Kwetu tulilala tumepangwa kama sahani kabatini. Nikaolewa, nikaletwa nyuma ya pazia. Nikigeuka kitandani mama anauliza kama siumwi. Leo ua mzima umetoka. Nikajua nikiacha mlango bila taulo, atatokea mtu. Daima anatokea mtu. Nikalitundika. Nikalala katikati ya kitanda, mikono huku, miguu huku. Nikasikia ukimya. Basi. Hilo ndilo kosa langu."

Wanawake wengine wakaangalia pembeni. Mmoja akajisahau akatikisa kichwa kwa kukubali, mumewe akamkata jicho.

Lakini wivu, ndugu zangu, hauna masikio.

"Uongo!" Bwana Harusi akapasuka. "Peke yako! Ungekuwa peke yako, uliposikia mtu mlangoni si ungeuliza nani? Nimesimama pale, nimelitazama taulo lile mpaka mkono umekufa ganzi, rangi inanidondokea kiatuni, na wewe ndani kimya! Huulizi! Hukohoi! Mimi niseme nini? Nigonge?"

Akajishika mdomo.

Akasikia alichokisema.

Watu wote, kama waliokubaliana, wakashusha macho kwenye kiatu chake cha kulia.

"Ulisimama pale lini, mwanangu?" Mama Cherehani aliuliza. Alikuwa anaongea taratibu sana.

Bwana Harusi akakivuta kiatu nyuma.

"Nakuuliza mimi niliyekuzaa. Ulisimama mlangoni kwangu lini, na rangi ya nani?"

"Asubuhi," Bwana Harusi alisema. "Mlipokuwa uwanjani."

Ua ukalipuka. Mwenyekiti alitaka kusema, Kinyozi alitaka kusema, Mama Redio alikuwa ameshaanza, anaonyesha kucha zake kwa kila mtu kama cheti. Mama Cherehani akachukua beseni la bati, akalipiga chini. Likalia, wakanyamaza.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mnajadiliana mpaka tutazeeka!" alilia mtoto wa watu, mwanamume mzima, saruji kwenye nyusi. "Tukubali, tusikubali, tukubali, tusikubali! Nyie mnaotaka kubaki mna vyumba vyenu. Mimi nina pazia! Dalali wa kampuni aliniambia watu wakiona alama wataogopa, na wakiogopa watakubali upesi. Akanipa kopo la rangi. Ningepaka na wetu, mama, ili wasikushuku. Nikakuta taulo. Ningefanyaje? Nigonge niseme fungua, ni mimi, nimekuja kupaka? Nikaenda kazini na jiwe moyoni. Tangu asubuhi napakia mifuko sijui hata idadi."

"Na dalali," Mama Cherehani aliuliza, "alikupa nini?"

"Kopo la rangi. Nimesema."

"Zaidi ya kopo."

"Hakunipa kitu."

Alimtazama kama anavyotazama kitambaa dukani, anapokivuta pande mbili kuona kama kinaachia. Kulikuwa na kitu. Lakini mbele ya watu, mama gani atavuta mpaka kichanike?

Akageukia duara.

"Mwanangu amekosa, na kosa lake atalibeba mwenyewe kwenu. Sasa tulimalize langu. Mliniita msaliti. Mlitaka kutoa vyombo vyangu. Mwenyekiti, nasubiri."

Mwenyekiti akajikuna kidevu. Kuomba radhi kulimtoka kama jino. "Mama Cherehani... tulipitiwa."

"Sauti."

"Tulipitiwa! Mkono wako ni safi. Haya, umefurahi?"

Alifurahi. Alifurahi na kila mtu aliona, kidevu kikapanda, mabega yakanyooka. Mpaka Mama Redio akamshika mkono akasema, "Shoga yangu, mimi sikuwahi kuamini hata kidogo."

Furaha hiyo ilidumu mpaka geti lilipolia tena.

Waliingia wanaume wenye kofia ngumu, ngazi begani. Mbele yao alikuwa nyapara mnene, mchangamfu, kopo la rangi mkononi na brashi sikioni kama kalamu ya karani. Akauzunguka ua ule kwa macho, mlango kwa mlango, uso unazidi kung'aa.

"Jamani!" alisema. "Hamjambo? Asanteni sana! Sijapata kuona watu wastaarabu hivi. Kwingine tunabembeleza mpaka sauti inakauka, nyie mmekubali wote kwa siku moja!"

"Kukubali nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kuhama, mzee wangu. Si mmejipaka?" Akaonyesha. "Kwetu nyekundu ni ya aliyekubali kuhama kwa hiari. Aliyegoma tunampaka nyeupe, tunamwacha mpaka maneno yake yaishe. Mwenzetu amepita hapa kabla hamjarudi mkutanoni, amepiga milango picha, imeshakwenda ofisini."

"Sisi hatujakubali!"

"Hatujakubali hata kidogo!"

"Futeni! Leteni mafuta ya taa!"

"Mlango unafutika," nyapara alisema kwa upole, "picha haifutiki."

Bwana Harusi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. "Aliniambia ni ya kuwatisha tu," alisema, na hakuna aliyemsikiliza.

"Ila tatizo ni huu mmoja," nyapara akaendelea, akausogelea mlango wa Mama Cherehani. "Huu hauna kitu. Na hizi kuta zimeshikana, ukivunja moja zote zinakuja. Mmoja akigoma, mimi sigusi hata tofali. Huyu amekubali au amegoma? Mwenyewe yupo?"

Hapo ndipo ungecheka, kama si kulia. Watu wale wale waliotaka kumtupa nje wakamgeukia Mama Cherehani kama watoto wanaomwona mama karudi na kikapu.

"Mama yetu," alisema Mwenyekiti, "usikubali."

"Shoga, goma! Goma, tuko nyuma yako!"

"Kubali, mama," Bwana Harusi alisema kutoka chini. "Nakuomba. Kubali yaishe."

Mkwe yeye alikuwa mlangoni. Alikuwa amelitoa taulo msumarini, analikunja.

Mama Cherehani alivuta pumzi. Mwaka mzima amepigania ghorofa lile. Sasa liko kwenye ulimi wake, na ulimi umekuwa mzito.

"Baba," alimwambia nyapara, "nitajibu. Kwanza nijibu wewe. Mnasema mtajenga nyumba nyingi, watu wapate pa kukaa. Vizuri. Mimi ndiye niliyewaambia hawa wakubali. Katika hizo nyingi, za kwetu sisi ni zipi?"

Nyapara akajikuna chini ya kofia. "Mama, mimi ni wa kuvunja, si wa kugawa. Nijualo ni moja tu. Humu ndani yuko mtu ameshapewa yake."

Watu wakasogea karibu.

"Ameshapewa?" Mwenyekiti alirudia.

"Kwenye mchoro, ndiyo. Tena ya kona, madirisha pande mbili, upepo wa bure. Nilikuwapo ikichaguliwa. Wengine sijaona wakitajwa, lakini huyu yake ipo."

"Nani?" Watu walisema kwa pamoja. "Nani huyo?"

"Aa, msinigombanishe na watu. Nimekuja kazini mimi."

"Mama, mwache," Bwana Harusi alisema, ameshasimama. "Mama, twende ndani. Mwache mzee wa watu afanye kazi yake."

"Siendi ndani!" Damu ilikuwa imempanda Mama Cherehani, ile ya mtu aliyesingiziwa akashinda, anayetaka sasa na mwizi wa kweli ashikwe mbele yake. "Tangu mchana naitwa msaliti katika ua huu. Leo nitamwona huyo msaliti kwa macho yangu. Mtaje! Mtaje kwa sauti, wasikie hata walioko chooni!"

"Mama..."

"Nyamaza wewe! Mtaje, baba. Usiogope mtu."

Nyapara akamwangalia yule mama mwenye moyo wa simba, akampenda, akaona hakuna ubaya.

"Basi msimchukie, bahati ni bahati," alisema, anachomoa brashi sikioni. "Alikuja mwanawe na dalali, kijana hivi, ana saruji kwenye nyusi. Akasema jina liwekwe la mama yake. Fundi wa kushona nguo." Akatabasamu, akawapitia wanawake wote kwa macho, mmoja mmoja, mkono ameshaunyosha mbele. "Ni yupi kati yenu? Nimpe mkono wa pongezi."